Nyumba ya Mwalimu Norman Obuya, 1971–2025

*Wasifu uliosomwa na dada yake mdogo, Ajiambo, katika ibada ya kumuaga, Uthiru, Alhamisi, 25 Septemba 2025*

Wapendwa waombolezaji, ndugu yetu Mwalimu Norman Obuya alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na Funyula, Kaunti ya Busia, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wandera na Mama Perpetua. Sisi wadogo zake tulizaliwa tukamkuta na tabia yake tayari: hakuweza kupita kando ya kitu kilichosimama bila kukitikisa. Alitikisa kichanja cha vyombo, alitikisa zizi la ng'ombe, na siku moja alitikisa ngazi ambayo Baba alikuwa amepanda. Kwa hiyo ya ngazi alichapwa, wala hakukoma.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini hadi mwaka 1985, akamaliza ya upili mwaka 1989, na mwaka 1993 akahitimu katika chuo cha ualimu. Mama alitamani awe karani wa benki kwa sababu makarani huvaa tai. Ili kumridhisha Mama, Norman alivaa tai kila siku ya kazi mpaka alipougua, ingawa nyingi zilikuwa na madoa ya gundi.

Januari 1994 alipelekwa kufundisha katika shule ya msingi Kangemi, na hakuhama. Alifundisha Hisabati na Sayansi, lakini watoto walimjua kwa Ijumaa alasiri. Siku hiyo aliwagawia magazeti makuukuu, vijiti na uzi, akawaambia wajenge daraja kati ya madawati mawili, au mnara, au paa. Kisha alileta pakiti za unga, akaziweka juu moja moja hadi kitu kianguke. Kelele zake zilisikika hadi barabarani. Watoto wenyewe waligundua kwamba umbo la mraba ukilisukuma linalala, ila ukipitisha kijiti cha mshazari kutoka kona hadi kona likawa pembetatu mbili, halitikisiki. Hakuwaambia. Aliwaacha waangushe mpaka waone.

Yupo hapa leo Waringa, ambaye sasa husimamia mafundi kwenye majengo huko mjini. Alikuwa darasa la tano daraja lake lilipoanguka mbele ya wenzake, akaangua kilio. Norman alichutama karibu naye.

"Usilie. Imeanza kuvunjika wapi?"

"Kwa kona, Mwalimu."

"Basi hiyo kona ndiyo inakuitisha msaada. Jenga tena."

Kila mwaka aliwapeleka mjini kutazama majengo yanayopanda. Waliinua shingo kando ya Moi Avenue wakitafuta miti ya mshazari kwenye majukwaa ya wajenzi, wakihesabu kwa sauti, mpaka askari mmoja akawafokea, "Nyinyi mnapima nini hapa?" Norman alimwomba msamaha, kisha akamwonyesha na yeye.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1999, alifunga ndoa na Maurine Nasimiyu, mshonaji wa nguo kutoka Bungoma, katika kanisa moja la Kangemi. Watu wakila, bwana harusi alitoweka. Tulimpata nyuma ya hema akifunga mti wa mshazari kwenye nguzo iliyokuwa imelegea, suti yake nzima imejaa vumbi. Maurine alicheka hadi machozi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Auma na Bramwel, nao wakawalea hapa Uthiru katika nyumba ya kupanga.

Sasa majirani zetu wa Uthiru, ambao mila zetu si zenu, mnivumilie nieleze. Kwetu, mwanamume aliyeoa hujenga nyumba katika boma la baba yake, hata kama anaishi Nairobi. Asipoijenga, mke wake hana jiko huko nyumbani. Akienda likizo analala sebuleni kwa shemeji na kuomba sufuria kwa wake wa shemeji zake. Na mwanamume huyo akifa, hapitishwi langoni kabla kitu chenye paa hakijasimama kwa jina lake. Basi huwa kinasimamishwa haraka haraka, miti na mabati, mwili unalala humo usiku mmoja, baada ya mazishi kinabomolewa.

Norman hakuwa na nyumba. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa Kangemi kusimamisha vitu hakuwa amesimamisha hata jiko kwao. Tulimsema sana. Si kwamba alikuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Tatizo lake ni kwamba hakukubali kujenga kitu hafifu. Alichimba msingi mwaka 2009, akaona udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, akaufukia, akasema atarudi kuuchimba chini zaidi. Kila Desemba alifunga kamba na vigingi upya. Binamu zetu walijenga, wakahamia, paa zikapeperuka, wakajenga tena, na yeye bado anapima. Maurine alikaa jikoni kwa wengine miaka yote hiyo akimenya viazi ambavyo si vyake. Iliniuma. Ilimuuma zaidi yeye, ila alimpenda, akanyamaza.

Februari mwaka huu chakula kilianza kumkwama kooni. Madaktari walipata kansa ya umio. Kama kawaida yake, aliwauliza ilianzia wapi, nao walimchorea kwa subira. Alipokwisha kukonda sana alimshika Maurine mkono, akamwambia maneno ambayo Maurine ameniruhusu niyaseme hapa. "Mama Auma, nimekukosea. Ile nyumba nilikuwa naijenga kichwani, na huwezi pikia kichwani." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, katika hospitali moja jijini, mke wake akiwa kando yake.

Kamati ya mazishi ilikutana katika hoteli moja karibu na River Road. Baba mdogo, Mzee Makokha, alikunywa chai yake akasema, "Ni kibanda tu. Vijana watasimamisha Ijumaa asubuhi, Jumapili tunabomoa."

Maurine akainua uso.

"Na mimi, Mzee? Mtanibomoa nayo?"

Jibu tulilijua sote. Kibanda kikibomolewa, mjane anarudi Nairobi akiwa mgeni wa boma alilozikia mume wake.

Waringa alikuwa ameketi nyuma na wenzake aliosoma nao Kangemi. Alisimama. "Mzee, kwa heshima, hiyo kazi mtuachie sisi. Mwalimu hatuwezi mpeleka kwa kitu ya kuegemea. Ataamka aitikise."

Mzee Makokha alisema nyumba ya marehemu haijengwi na watu wasio wa ukoo. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Bramwel, kijana wa marehemu, alikubali kushika jembe la kwanza kama mila inavyotaka, na wengine wafuate. Ndiyo sababu mazishi yalisogezwa, na kwa niaba ya familia nawaomba radhi mliopanga safari mapema. Walishuka na msingi kupita ule udongo mweusi. Kila ukuta una ubao wa mshazari. Mzee Makokha, ambaye alikwenda kukagua, aliegemea pembe moja kwa bega lake lote, nayo haikutikisika, akatoka nje.

Juzi Waringa alimpigia Maurine simu kutoka Funyula. Nilikuwa nimeketi naye, na simu ilikuwa kwa sauti.

"Mama, sebule tumemaliza. Mlango wa jiko unataka tuuweke upande gani?"

Swali hilo Maurine alikuwa amelingoja tangu aolewe, na aliyetakiwa kumuuliza alikuwa mochari. Halafu Maurine akasema, polepole, "Uangalie kwa barabara. Nione nani anakuja."

Marehemu ameacha mama yake, Mama Perpetua. Mke wake, Maurine Nasimiyu. Watoto wake, Auma na Bramwel. Ndugu na dada. Na wanafunzi wa Kangemi wa zaidi ya miaka thelathini, ambao nao ni watoto wake.

Msafara unaondoka leo jioni. Kesho Norman ataingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na Jumamosi atatoka kwenda kuzikwa. Maurine atabaki na ufunguo.

Mungu ampe ndugu yetu pumziko la amani, na ampe mke wake usingizi.