Kamba ya Majalada Mia Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka karani wa masjala ya mahakama, ambaye wenzake walimwita Bwana Kamba, kwa kuwa hakuna jalada lililotoka mikononi mwake bila kufungwa barabara.

Miaka sita iliyopita, masjala yake ilipokea mashauri mia nne. Mia nne, wasikilizaji, na yote yakiuliza jambo moja: je, baruti za machimbo ya kokoto ndizo zilizopasua kuta za nyumba za watu? Katika kila shauri lililoanza kusikilizwa, mtaalamu wa milipuko yule yule alikula kiapo kile kile, akasema maneno yale yale.

"Karani," Jaji akalalama, "shahidi huyu nimeshamhifadhi kwa moyo. Hakuna njia nyingine?"

Bwana Kamba akaileta njia. Lisikilizwe shauri moja la mfano, mengine yangoje, jibu lake liwe jibu la yote. Akachagua jalada la mwalimu mmoja, kwa sababu moja tu: lilikuwa nadhifu, kila picha ina tarehe yake. Hapo ndipo alipoteleza. Wenye machimbo waliliogopa jalada hilo, wakapatana na mwalimu faraghani. Shauri likafutwa pasipo hukumu. Mia tatu tisini na tisa yakabaki kambani, bila jibu.

Mojawapo lilikuwa la dada yake mkubwa.

"Nilimwambia, 'Mdogo wangu, umetufunga hata sisi!'" anasimulia dada huyo. "Nilimtania tu. Ukuta wa jikoni umeshalala chini, nisipocheka nifanyeje? Yeye hakucheka. Akaacha kuja kwangu."

Miaka miwili hakukanyaga pale. Alikuwa akiandika kanuni mpya: yachaguliwe mashauri matatu kwa kura, na mdai mmoja akipatana na wenye machimbo, mwingine ashike nafasi yake. Jaji akaikubali.

Hukumu ilisomwa Jumatatu: ni baruti. Bwana Kamba alikuwa amezikwa Alhamisi iliyotangulia.

Dada alikwenda masjala, akaomba alifungue mwenyewe fundo la majalada yale. "Nalijua," akasema. "Nilimfundisha mimi, kwenye viatu vyake vya shule. Na hapa alipokuwa nilipajua siku zote. Sikumfuata."

Kwa dada huyu, kwa mjane na watoto, tunatoa mkono wa pole. Mola amrehemu marehemu na kumsamehe. Nasi tujiulize, wapendwa: ni nani aliyeacha kubisha mlangoni petu kwa aibu, nasi tumeketi ndani, tukimngoja aanze yeye?