Bwana Saa na Habari ya Tatu

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 14 Machi 1939, nyumba ya fundi saa mmoja, yenye vyumba viwili na saa za ukutani zisizo na idadi, ililala watu saba ikaamka watu wanane. Huyo wa nane ndiye marehemu, mtoto wa sita na kitinda mimba. Baba yake alipoulizwa mtoto amezaliwa saa ngapi, alitazama ukutani, akakuta kila saa inasema lake. Basi saa ya kuzaliwa haikuandikwa kamwe. Marehemu, ambaye tangu utoto aliitwa Bwana Saa, aliihesabu kuwa habari ya kwanza iliyompita.

Alianza shule Januari 1947. Akiwa darasa la sita alianzisha gazeti la ukurasa mmoja, aliloliandika kwa mkono na kulibandika ukutani kila siku baada ya masomo. Toleo la kwanza lilieleza jinsi mbuzi wa mwalimu mkuu alivyohudhuria kipindi chote cha jiografia, tofauti na mwalimu wa jiografia. Mwalimu huyo alimchapa viboko vinne, na toleo la pili likaripoti viboko hivyo bila chuki. Wiki iliyofuata, mwanafunzi aliyekaa naye dawati moja alianza kubandika gazeti lake asubuhi, kabla ya kengele. Ndivyo ulivyoanza ushindani ambao mauti pekee yaliumaliza, nayo kwa shida.

Mwaka 1957 aliajiriwa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi. Jumatatu tarehe 1 Juni 1964, kwa mashine kuukuu aliyoifunga katika jengo lililokuwa la kuokea mikate, alitoa Jioni Njema, gazeti la kurasa nne lililonukia mkate. Mwenzake wa dawatini alikwisha kuanzisha gazeti la asubuhi, Alfajiri, mtaa wa pili. Tangu hapo hapakuwa na usingizi. Huyu akimchukua mchora katuni wa yule, yule humchukua dereva wa huyu. Mwaka mmoja marehemu aliwagawia wauza magazeti wote miavuli yenye jina la Jioni Njema. Wakaipokea kwa shukrani, wakakaa chini yake kila asubuhi wakiuza Alfajiri. Hata hivyo, kufikia mwaka 1980 alikuwa na magazeti matatu, jengo la ghorofa tano, na meza yake ile ile kando ya mashine. Wafanyakazi aliwafundisha jambo moja: anayetoa habari wa pili hajatoa habari.

Tarehe 10 Agosti 1968 alifunga ndoa na dada wa mshindani wake. Bwana harusi alitaka ndoa ifungwe asubuhi, iwahi Jioni Njema. Shemeji mtu alitaka alasiri, ili Alfajiri ya kesho yake iwe ya kwanza. Wazee wa pande zote walikutana mara tatu bila mwafaka, hadi bibi harusi alipotoka chumbani.

“Mimi naolewa na mtu,” alisema. “Magazeti yenu yaoane yenyewe.”

Akapanga saa sita mchana. Magari ya Jioni Njema yalitoka bila harusi, kwa kuwa mwenye gazeti alikuwa ameshikwa mkono na mkewe, na hakuachiwa. Kesho yake Alfajiri ilimsifu bibi harusi nusu ukurasa, ikamtaja mumewe kama “kijana mmoja wa jirani.” Hiyo ikawa habari ya pili kumpita. Marehemu aliapa kwamba ya tatu haitampita.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2003. Alipolazwa, alimwomba daktari ahakikishe kwamba, likitokea la kutokea, litokee asubuhi. Daktari alijibu kwamba wodi yake haina ratiba hiyo. Shemeji mtu alikuwa akija kila siku na machungwa, na kila siku mgonjwa alijifunika shuka hadi puani.

“Shemeji, umekuja kuniona au kuniandika?”

“Kukuona. Wa kukuandika ninao vijana.”

Alimsihi mkewe kwamba akitangulia jioni, afunge mlango habari isitoke. “Na kaka yangu nimfungie wapi,” mkewe aliuliza, “naye ameshakaa ndani?”

Alifariki Jumatano, tarehe 3 Novemba 2004, saa kumi na mbili na robo jioni. Jioni Njema ilikwisha kutoka. Alfajiri ilikuwa na usiku mzima mbele yake. Shemeji mtu alikuwa kitini, ameshika chungwa lililomenywa nusu. Aliliweka chini, akaenda ukumbini palipokuwa na simu, na mjane akamfuata hadi mlangoni. Alimsikia akimwambia mhariri wake:

“Leo hakuna habari. Toeni ule mtaro ulioziba.”

Alhamisi asubuhi Alfajiri ilitoka na mtaro, picha mbili. Saa tisa alasiri Jioni Njema ilitangaza msiba, ya kwanza nchini. Shemeji mtu alipanga foleni, akanunua nakala mbili, kisha akalalamika kwamba picha imekaa vibaya.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mshindani mmoja.