Muda wa Kweli wa Mzee Kambale

Ndugu waombolezaji, mama yetu uliyekaa hapa mbele, kaka zangu, majirani, na ninyi wa bwawani mliotoka majini asubuhi hii mkaja moja kwa moja, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimeomba kusoma mwenyewe, mtanivumilia nikienda mbio, maana nikisimama katikati sijui kama nitaendelea.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Kambale, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa nne wa fundi mwashi, katika nyumba iliyopakana na machimbo ya mawe yaliyoachwa, na machimbo hayo yalipojaa maji ya mvua ndimo alimojifunza kuogelea akiwa na miaka sita, bila mwalimu, akichapwa kila jioni na bibi yetu, mama yake, kwa kosa hilo hilo, na kesho yake akirudi tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi 1969, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba Novemba 1972, na baada ya vibarua vya hapa na pale aliajiriwa idara ya maji tarehe 2 Februari 1976, kwenye chumba cha pampu. Mwaka 1983 alihamishiwa bwawa la kuogelea la manispaa kuwa mtunzaji, akawa anapima klorini, anasafisha vichujio, anaopoa majani kwa wavu, na watu pia aliopoa, kumi na mmoja kwa hesabu yake, hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2015, na ufunguo wa geti dogo hakuna aliyethubutu kumdai.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, ambaye hajawahi kuingia majini kupita magoti, na akiulizwa kwa nini hujibu kwamba yeye aliolewa na mwanamume, kama ni samaki anajua wanakouzwa. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa mwaka 1991, wa pili 1994, na mimi mwaka 2000, na wajukuu watano, wa mwisho ndiye huyu anayelia huko nyuma, naomba shangazi umtoe kidogo nje.

Kuanzia mwaka 1990 Baba aliogelea mita mia moja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa nguvu zake zote, na muda ukaandikwa kwenye daftari, akisema kila mtu anajua uzee unakuja ila yeye anataka kuuona ukitembea. Akiwa na miaka thelathini na mitano alitumia dakika moja na sekunde kumi na mbili, akiwa na arobaini na mitano, moja na kumi na sita, akiwa na hamsini na mitano, moja na ishirini na tatu, akiwa na sitini na mitano, moja na thelathini na nne, na aliwaeleza watu wazima aliowafundisha kuogelea pale bwawani kwamba kwanza huondoka ule msukumo wa kujirusha kutoka ukutani, halafu mabega, halafu pumzi, ila kijana hupigana na maji na mzee hupatana nayo, ndiyo maana mzee hachelewi sana. Na aliwaambia, mnakumbuka, kwamba uzee unatembea, hauruki, ukiona umepoteza sekunde nyingi kwa mpigo, huo si uzee, nenda hospitali.

Saa ya kupimia nilishika mimi, tangu nina miaka kumi na miwili.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo kaka zangu waliponiomba nifupishe, nami jana nilimwendea Mama nikamweleza yote, akasema soma kama ilivyo. Mwanangu alizaliwa tarehe 20 Aprili mwaka huu, baba yake yuko kazini mbali, nikarudi nyumbani, na Baba ndiye aliyembeba kila alfajiri ili mimi nilale. Tarehe 1 Juni Baba alitumia dakika moja na sekunde thelathini na tisa, nikaandika hivyo. Tarehe 6 Julai alitumia moja na arobaini na saba, akatoka ameshika chuma cha ngazi, midomo imepauka, akaniuliza ngapi wewe, nami mtoto yuko mgongoni, nikaogopa, maana nilimwona rafiki yake mshona viatu alivyoacha kuogelea na ndani ya mwaka akashika mkongojo, nikasema moja na arobaini, nikaandika hivyo, akacheka. Agosti alitumia hamsini na tano, nikasema arobaini na moja. Tarehe 7 Septemba alitumia dakika mbili na sekunde tisa, nikasema moja na arobaini na mbili.

Mama alikuwa akimwomba aende hospitali, kwa sababu alikuwa akilalia mito mitatu na miguu inavimba, naye akafungua daftari akamwonyesha, mke wangu, moyo mgonjwa hauogelei hivi, huu ni uzee tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Baba hakuficha, nilimfichia mimi.

Tarehe 21 Septemba alianguka mlangoni, akalazwa hospitali ya wilaya, daktari akatueleza kwamba moyo umetanuka na tumechelewa. Tarehe 2 Oktoba, wodini, nilimwambia Baba ukweli. Akataka daftari, akasema futa, andika ya kweli, mwezi mmoja mmoja, nami nikaandika nikilia, na nilipofika Septemba akaniuliza mara mbili, dakika mbili na tisa, kwa moyo ule, kisha akacheka hadi muuguzi akaja, akasema basi mimi bado ni mwanamume. Halafu akanishika mkono, akasema kuhusu mwili wa mtu usimdanganye mwenyewe, hata kwa kumpenda, na wenzangu wa bwawani waambie. Kama alinisamehe hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao hawakutulaumu, majirani mliolala nasi kwenye baridi, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji mliobeba jeneza, na ninyi waogeleaji, wenye umri wa miaka hamsini hadi themanini, ambao saa zenu nawaomba mzisome kwa sauti.

Haya niliyoyasoma sikupunguza kitu, Baba. Pumzika kwa amani.