Ng'ambo ya Reli

Matokeo ya mtihani wa jimbo yalitoka jana, na leo asubuhi kila abiria wa basi letu hapa Birmingham amekuwa mkaguzi wa elimu. Mbele yangu alikaa jirani yangu mzee Otha, anayefua mashuka hospitalini. Kando yake alikuwa mama mmoja mwenye kitambulisho cha mwalimu wa shule ya mtaani kwetu shingoni.

"Samahani, mwalimu," mzee alimwambia. "Mjukuu wangu yuko shuleni kwenu, darasa la tatu. Nasikia wengi wao hawajui kusoma, na ng'ambo ya reli, kwa wenye nazo, karibu wote wanajua. Watoto wetu wana nini?"

"Hawana kasoro, baba. Walimu hatutoshi, vitabu havitoshi. Lakini tunajitahidi."

"Najua. Na wako anasoma wapi?"

Mwalimu akageukia dirishani, ingawa nje hakukuwa na cha kutazama ila ukuta wa ghala.

"Ng'ambo ya reli," akajibu kwa sauti ya chini. "Shule hupangwa kwa anwani, nasi tuliandikisha ya dada yangu anayeishi kule."

Nilidhani mzee atafoka. Abiria wawili nyuma yangu waliacha simu zao ili wasipitwe na mazungumzo.

"Sikulaumu," alisema polepole. "Ila mimi sina dada kule. Wangu nimwachie nani?"

"Niachie mimi, baba."

"Nikuachie wewe, na wako umemhamisha?"

Basi likasimama mbele ya shule. Watoto getini walimwona mwalimu wao, wakampungia mikono kwa furaha. Yeye akabaki ameinamisha kichwa kitini, mpaka dereva akamuuliza kama hashuki.