Sajini Mwololo Ndolo na Gari la Zimamoto la Olgirra

Wazazi wetu, majirani, maafande na nyote mliofika, marehemu baba yetu, Josephat Mwololo Ndolo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 kule Mbooni, mtoto wa tano wa Mzee Ndolo na Mama Kaveke, akasoma huko hadi darasa la saba, na mwaka wa 1968 akaandikwa katika jeshi la anga, ambako alifunzwa kuendesha gari la zimamoto, kazi iliyomwingia damuni hata nyumbani hakupita jiko linalowaka bila kuuliza maji yako wapi.

Tarehe 14 Desemba 1974 alimwoa mama yetu, Mutindi, wakajaliwa sisi watatu, Kimeu, Nthambi na Mukonyo.

Mwaka wa 1991 alihamishiwa kambi ya Olgirra, kati ya Kitengela na Kajiado, akajenga hapa Kitengela. Uwanja ule ulikuwa na wenyewe wawili, jeshi upande mmoja na ndege za raia upande wa pili, barabara ya kurukia ikiwa moja, na kati ya kambi na raia palikuwa na seng'enge na lango la kufuli. Askari wakifanya mazoezi, raia walingoja, na ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Parmuat, wakiingia, wote walingoja. Mwololo ndiye aliyetumwa kuongea na mzee, na kila mara alirudi amechelewa, ameshiba maziwa.

Asubuhi ya tarehe 20 Januari 1998, wakati wa mvua za El Nino, ndege ya raia yenye abiria wanane ilizunguka juu ikiwa gurudumu moja limekataa kushuka. Gari la zimamoto lilikuwa la jeshi peke yake, na amri ilisema halivuki lango bila ruhusa ya makao makuu, nazo simu zilikuwa zimekatwa na mvua. Luteni wa zamu, kijana mwenye hofu ya Mungu na ya wakubwa wake, alimwambia asubiri. Mwololo akamjibu kwa upole, "Afande, ruhusa itafika, lakini hao watu hawawezi kungoja huko juu." Akapanda gari, akalisukuma lango likaanguka na kufuli yake, akafika ndege ikiburura tumbo na bawa limeshika moto, akauzima, na rubani na abiria wote wanane wakatoka wazima, mmoja wa abiria hao Mwalimu Nanjala, ambaye tuko naye hapa leo.

Alishtakiwa, akashushwa kutoka sajini hadi koplo. Mama alipolia, alimwambia, "Mutindi, wamechukua kitambaa cha mkononi tu, mkono wameniachia." Mwezi wa Septemba, baada ya abiria wote wanane kuandika barua, alirudishiwa cheo, na pande zile mbili zikatia sahihi kwamba gari la zimamoto litavuka wakati wowote wa hatari, bila kuuliza.

Alistaafu mwaka wa 2001, akafuga nyuki, akaimba besi katika kwaya ya kanisa, vibaya na kwa furaha. Mwaka wa 2006 alipatikana na kisukari, na tarehe 9 Agosti 2008, saa nne asubuhi, akatuacha, mkono wake ukiwa ndani ya ule wa Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Kitengela waliochota maji na kupika wiki nzima, wenzake wa Olgirra wa pande zote mbili, na familia ya Mzee Parmuat kwa fahali wa leo.

Baba, tumekupenda, nawe ulijua. Pumzika kwa amani.