Onesmus Shikanga wa Lubao na Wimbo Alioimbishwa Wesley Wanyonyi

Ndugu, majirani, na nyote mliofika hapa Lubao leo Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, familia ya Mzee Shikanga inawaomba mtulie mkasikie jinsi mtu huyu alivyoishi, na inawaomba msikie mpaka mwisho, hata wale watakaotamani kuinuka na kuondoka, kwa maana marehemu mwenyewe alitaka habari yake isomwe yote.

Onesmus Shikanga alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948 hapa hapa Lubao, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Shikanga Lumumba, aliyekuwa mfugaji wa fahali wa kupigana, na marehemu Mama Ayuma, aliyeuza nyungu sokoni. Alisoma shule ya msingi ya misheni iliyo karibu, akaendelea na sekondari mjini Kakamega, na mwaka 1969 akahitimu chuo cha ualimu, ambako alilala kitanda kimoja cha ghorofa na kijana wa Likuyani aitwaye Wesley Wanyonyi, Onesmus juu na Wesley chini, wakagawana sabuni, mashati na viatu vya Jumapili, na jina hilo la Wesley Wanyonyi mliweke akilini.

Alifundisha Likuyani kuanzia mwaka 1970, na huko ndiko alikokutana na mwalimu mwenzake, Alice Chepkemoi, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, Wesley akiwa msimamizi wa bwana harusi. Mungu aliwajalia binti, Michelle Ayuma, na pacha wawili, Mukhwana na Mulongo, ambao wako sekondari.

Mwaka 1979 marehemu aliacha ualimu, akanunua mtambo mkuukuu wa chapa uliokuwa ukisukumwa kwa mguu, akafungua duka mjini Kakamega, akaliita Nyumba ya Vitabu Lubao. Wengi walimcheka, wakisema mchapishaji mwenye akili huchagua jambo moja, lakini yeye alichapa nyimbo za kanisa, alichapa mwongozo wa kufuga ingokho, kuku wetu wa kienyeji, alichapa kitabu cha kwanza cha herufi za Kiarabu kwa watoto wa Mumias, vitendawili, sheria za ardhi kwa wajane, kanuni za kandanda, na hadithi za mapenzi ambazo mabinti walizisoma wakizificha ndani ya Biblia. Siku moja mchungaji alikuja dukani na malalamiko kwamba vitabu vya nyimbo vimefungwa kwenye karatasi moja na hadithi za mapenzi, na Onesmus akamjibu, "Mchungaji, watu wako ni hao hao. Mimi nawauzia tu."

Kitabu alichokipenda kuliko vyote ni kile cha Bi Umi wa Matungu, mkunga aliyepokea watoto wa wakulima wa miwa kwa miaka mingi, ambaye hakujua kuandika, basi marehemu alikuwa akimwendea nyumbani kwake, yeye anasema na Onesmus anaandika, kuanzia mimba ikiingia hadi mama akifika arobaini. Wakati huo Wesley naye alikuwa ameacha ualimu, hana kazi, na marehemu akamwita akae naye dukani, akamfundisha kupanga herufi, akamlisha mezani pake, na watoto wakamwita baba mdogo.

Oktoba 1991 Mama Ayuma alifariki. Onesmus alifunga duka, akamwachia Wesley ufunguo, akaja hapa kumzika mama yake, na saa ile ile wanaume wa boma hili walipokuwa ndani ya kaburi wakichimba, Wesley Wanyonyi aliegesha pikapu mbele ya duka mchana kweupe, akapakia sanduku la bati lenye miswada yote ambayo haijachapwa, akaenda Nairobi. Hakufika mazishini, na Onesmus alimtetea mbele ya watu, akisema lazima rafiki yake amepatwa na jambo zito njiani.

Baada ya mwaka mmoja kitabu cha Bi Umi kilitoka Nairobi, karatasi nzuri, jalada la kung'aa, na juu yake jina na picha ya Wesley Wanyonyi. Bi Umi alikuja Kakamega akiwa amekifunga kwenye leso, akatoa salamu, akakaa, akakiweka kwenye meza.

"Onesmus mwanangu," akasema, "huyu mwanaume wa picha, yeye amezalishanga nani?"

Marehemu hakuwa na nakala ya pili ya kupeleka mbele ya hakimu. Mkewe anasema tangu siku hiyo hakutaja tena neno kusamehe, na mchungaji alipomkumbusha alisema atasamehe akishamaliza.

Alikaa kimya miaka miwili, na Wesley akadhani kimya hicho ni woga. Kumbe Onesmus alikuwa akizunguka kwa wenye fahali, akikusanya nyimbo ambazo wafugaji huimba wakiongoza fahali uwanjani, na mwishoni mwa mkusanyiko huo akaongeza wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, katika maneno ya kale ya wafugaji wa huku kwetu, maneno ambayo mtu wa Likuyani aliyekulia mbali na fahali hawezi kuyashika. Chini yake akaandika kwa Kiswahili safi kwamba wimbo huu ni wa heshima kuu, huimbwa na mwenye sifa peke yake, na kwamba akiumaliza hutaja jina lake mara tatu. Kisha akaupeleka mswada kupigwa taipu kwa mtu fulani mjini, akijua vizuri kwamba kila karatasi inayopita mikononi mwa mtu huyo Wesley huletewa nakala.

Wesley aliumeza wote. Machi 1995 alirudi Kakamega na suti ya kijivu kuzindua kitabu chake kipya cha nyimbo za fahali, akakodi ukumbi, akaalika walimu wakuu, akaalika wenye fahali wakae mbele na ngoma zao za isukuti ili wageni wapate kupiga picha. Marehemu aliketi nyuma kabisa, mkewe kulia, Bi Umi kushoto. Baada ya hotuba Wesley akasema atawafurahisha wazee kwa wimbo wa heshima kuu, akashika kipaza sauti, akafunga macho, akaimba.

Kwa maneno yale ya kale aliimba kwamba nimekula obusuma, ugali wa mwenye nyumba, nikaondoka na chungu, nimeiba cha mkunga nami sijawahi kushika mtoto, rafiki yangu alikuwa akimzika mama yake nami nikapakia mali yake, niangalieni, mwizi ndiye mimi. Kisha akapaza sauti, "Wesley Wanyonyi! Wesley Wanyonyi! Wesley Wanyonyi!"

Mzee mmoja mwenye fahali akasimama, akamwuliza kwa upole, "Mwalimu, hayo umeyasema kwa hiari yako?" na Wesley, akifikiri anasifiwa, akajibu, "Kwa hiari yangu, na kwa fahari." Ndipo yule mzee akawageukia wageni akawatafsiria mstari kwa mstari, na kabla hajafika mwisho wapiga isukuti walikuwa wameuchukua wimbo, wakatoka nao nje, wakazunguka nao mji, na mpaka leo fahali akishindwa na kukimbia uwanjani, watu huimba huo na kutaja jina hilo.

Onesmus hakucheka. Wesley alimkuta mlangoni, jasho linamtoka, akamwambia, "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Wewe ulinitenda mama yangu akiwa hajafunikwa udongo," Onesmus akamjibu. "Mimi nimekungoja mpaka umevaa suti."

Njiani kurudi nyumbani mkewe alimwuliza kama sasa roho yake imetulia, naye akasema, "Bado, Mama Michelle."

Wesley naye hakulala. Alipita shule hata shule akiwaambia walimu wakuu kwamba vitabu vya Shikanga vina uchawi na uchafu wa uzazi, na maboksi yakaanza kurudishwa dukani, mengine hayajafunguliwa. Marehemu aliyafunga kwenye baiskeli, akauza vitabu mwenyewe kwenye masoko, hapa Lubao, Mumias, hadi Likuyani, kwao Wesley, ambako alihakikisha anasimama karibu na lango la nyumba ya wazazi wa Wesley huyo. Na Bi Umi alikaa akakisema kitabu chake upya, kuanzia mimba hadi arobaini, kikatoka tarehe 20 Julai 1996, jina lake na picha yake juu ya jalada, na Matungu nzima ikaja kumpa mkono.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa sukari uliokuwa ukimsumbua marehemu kwa muda mrefu ulichukua macho yake. Michelle aliacha chuo akarudi kumsomea miswada kwa sauti, naye alisahihisha kwa kusikiliza tu, akipiga kidole mezani penye kosa. Agosti mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Novemba, akatuacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jumatano iliyopita Wesley Wanyonyi alituma shada la maua na ombi la kusema machache hapa, kama rafiki wa zamani. Familia ilimjibu kwamba chakula atapewa kama mgeni yeyote, kipaza sauti hapana. Marehemu alikuwa amekwisha kusema, "Akija, mkalisheni mbele, asikie vizuri." Ameketi mbele. Shada lake limerudishwa kwenye gari lake. Na ajue pia kwamba Michelle, ambaye sasa ndiye mwenye Nyumba ya Vitabu Lubao, anachapa nyimbo za fahali, zile alizokusanya baba yake, mwezi Januari, na chini ya wimbo wa mwisho imeandikwa ukumbi, mwezi, mwaka, na jina la aliyeuimba kwa hiari yake na kwa fahari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani wa Lubao waliolala nasi hapa nje siku zote hizi, Bi Umi na jamaa zake waliokuja kutoka Matungu, wenye fahali, na walimu wakuu watatu waliokataa kurudisha vitabu. Wale waliorudisha nao tunawaona, na tunawakaribisha chakula.

Onesmus, mume wa Alice, baba wa Michelle na pacha, kazi yako umeifanya. Wewe pumzika kwa amani. Sisi hatujachoka.