Mama Of na Maneno Madogo

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Baba alizoea kusema huyu hata akiwa usingizini anasahihisha watu.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ualimu. Alifundisha Kiingereza katika shule moja hadi alipostaafu. Jina la Mama Of alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu ya neno enamoured, la mtu aliyependa hadi akazama, ambalo yeye alisisitiza lifuatwe na of tu. Wakiandika enamoured with, au from, aligonga ubao: "Of! Mnapenda vizuri, mnaandika vibaya!"

Mwaka 1984 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za ofisi ya walimu. Shemeji alimwandikia kadi: "I am enamoured at you." Kadi ikarudi na wino mwekundu. Kesho yake akaja mwenyewe. "Mwalimu, Kiingereza kimenishinda. Nakupenda. Na hapo pana kosa?"

"Hapo hapana," dada akasema.

Februari 2021 alipatwa na kiharusi akiwa jikoni. Mkono uliopooza ulipata nguvu tena, na maneno makubwa yakarudi. Yale madogo ya kuunganisha hayakurudi, si ya Kiingereza, si ya Kiswahili. Akitaka kikombe cha chai alisema, "Kikombe. Chai." Hospitali ilitupa matumaini, tukamfanyisha mazoezi ya kusema kila asubuhi. Kilichotuumiza ni kwamba masikio yake yalibaki mazima. Kila kosa alilisikia likimtoka, akajipiga mdomo kwa kiganja. Siku moja binti yake mkubwa alimwambia, "Mama, tunakuelewa, inatosha."

Akajibu, "Elewa, ndiyo. Sahihi... hapana." Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo alikataa mazoezi, na polepole akaacha kusema kabisa.

Kiharusi cha pili kilimchukua wodini tarehe 3 mwezi huu, mumewe akiwa amemshika mkono. Mmetuuliza alituachia neno gani la mwisho. Hakuacha neno.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, nasi wadogo zake wawili. Kimya cha nyumba yake tulikizoea kabla hajaondoka, tukadhani kinatuandaa. Hakikutuandaa kwa lolote.

Dada, pumzika kwa amani.